Ndege Mbili Nyekundu Kule Karen

Kazi yangu ya kwanza katika ile klabu ya ndege ndogo kule Karen ilikuwa kuketi kwenye kiti cha kukunja na kuhesabu mizunguko ya ndege za wenyewe. Nilifika huko kwa njia ya duka. Katika miaka ya sabini nilikuwa nauza betri na nyaya mjini, karibu na Biashara Street, na wanaklabu walikuwa wateja wetu. Siku moja mmoja wao aliniona nikihesabu betri za boksi zima, nikazimwaga, nikazihesabu tena. Akasema, "Huyu ndiye tunamtafuta."

Mchezo wenyewe ni huu. Nguzo tatu zinasimamishwa uwanjani kwa pembe tatu. Ndege yenye mabawa mapana kama kimo cha mtoto wa darasa la tatu inazizunguka kwa kushoto mara kumi, ikienda kama imeiba kitu. Rubani amesimama chini, redio ya kuiongozea mikononi, macho juu. Kando yake kuna msemaji wa kumwambia lini apinde, maana ile nguzo ya mbali rubani haioni vizuri. Ukikata ndani ya nguzo, mzunguko huo haupo. Na kila rubani hufunga utepe wa rangi yake kwenye antena, ili watu wajue anatumia wimbi gani, wawili wasije wakawasha wimbi moja na kuangushana.

Mimi sikuwa na utepe. Nilikuwa na penseli, karatasi, na kokoto kumi mfukoni. Kila mzunguko nilipiga mstari na kuhamisha kokoto moja mfuko wa pili. Mistari na kokoto zikikataana, sikutoa jibu mpaka mtu akasirike. Kwa miaka miwili hakuna aliyeshinda bila idhini yangu, na bado walipokwenda kunywa chai mimi ndiye nilikunja viti.

Aliyenitoa kwenye kiti alikuwa fundi mmoja Sikh mwenye karakana ya kukereza vyuma Ngara. Injini na redio alikuwa amezinunua kwa Mzungu aliyekuwa akihama. Lakini mashine ilikuwa imemla vidole viwili vya kulia, na redio ya kurushia ndege inataka vidole vyote. Akanijia dukani.

"Mimi najenga, wewe narusha, mimi nasema pinda," alisema. "Nusu kwa nusu."

"Na ikianguka?"

"Ikianguka ni yako yote."

Tulivutana hapo juu ya kaunta hadi chai ikapoa, na masharti hayakubadilika hata kidogo. Sijawahi kushindwa vile.

Tulijenga miezi mitano. Mbavu za mabawa tulikata kwa balsa, mti mwepesi kama mkate uliokaushwa, na jioni nilibeba vumbi lake kwenye nywele mpaka nyumbani karibu na Kenyatta Market, mke wangu akiuliza kama nimeacha betri nikaanza kusaga unga. Jumamosi asubuhi nilijifunza kurusha kwa ndege nzee ya klabu. Shida ni moja: ndege ikija kukuelekea, kulia kwake ni kushoto kwako. Nililijua hilo kichwani. Vidole havikuambiwa.

Rangi nilitafuta mimi. Fundi wa kupulizia magari kule Kirinyaga Road alikuwa na kopo la nyekundu lililobaki. "Hii ni ya daktari fulani," aliniambia. "Nilimpakia gari, na ndege yake ya kuchezea." Mtu mwingine angesimama hapo afikiri. Mimi niliona tu kwamba rangi ya daktari haiwezi kuwa mbaya, na kwamba kopo lililofunguliwa lazima lipunguzwe bei. Likapunguzwa.

Katibu wa klabu, mzee wa Kizungu aliyeongea Kiswahili cha shambani, aliniwekea sharti moja. "Wewe naweza kumaliza kumi, wewe nafunga utepe yako kila Jumapili. Hapana maliza, wewe narudi kwa kiti." Siku ya mashindano akaniazima utepe wa njano. Nilivyoufunga kwenye antena, nikaufungua, nikaufunga tena, fundi alicheka mpaka akashika kilemba.

Tulirusha wawili wawili. Mwenzangu alikuwa yule daktari, Mhindi mpole mwenye kliniki Westlands. Aliweka ndege yake kwenye nyasi kando ya yangu, na sote wanne, marubani na wasemaji, tukazitazama. Nyekundu na nyekundu, kopo moja.

"Hata mtoto akizaliwa amefanana na jirani hivi kuna maneno," daktari alisema.

Nikabandika karatasi nyeupe juu ya bawa la ndege yetu. Kabla ya mzunguko wa pili, yale mafuta ya nyonyo yanayotemwa na injini yalikuwa yameibandua.

Mizunguko mitano ya mwanzo nilijipenda. Fundi alisema "Pinda!" nikalaza bawa, nikavuta, ndege ikapinda. Wa sita, zile mbili zilipita nguzo ya mbali zikiwa zimeshikana kama ndugu, na zilipotoka moja ilikuwa mbele. Nikaifuata kwa macho iliyo mbele. Kwani mtu huchagua iliyo nyuma?

"Pinda!" akasema fundi.

Nikavuta. Ndege ilikuwa imeshapinda kabla yangu. Nikafikiri, leo redio ina akili.

"Pinda, bwana! Pinda!"

Nilikuwa nimenyooka na yenyewe imenyooka, na kila kitu kilikuwa sawa, ila fundi alikuwa anapiga kelele. Kisha kule ng'ambo ya nguzo ya pili nikaona nyekundu moja ikilala chali, ikashuka, ikaingia kwenye nyasi ndefu kwa mlio kama wa boksi la kiberiti likikanyagwa. Nikasikitika kweli. Bila kushusha macho nikasema, "Pole, daktari."

"Pole ya nini?" daktari akajibu upande wangu wa kushoto. "Mimi bado naruka."

Sikuelewa. Nikaendelea. Nilizungusha ile ndege mizunguko mingine mitatu na zaidi, nikiwa nimelowa jasho, nikihesabu kwa mdomo na kwa vidole vya miguu ndani ya viatu: saba, nane, tisa, kumi. Ikatua vizuri. Nikaweka redio chini nikaenda kuichukua, na daktari naye akaenda kuichukua, tukafika pamoja.

"Bhai," fundi aliita nyuma yangu, taratibu sasa, "wewe ulikuwa angalia ndege gani?"

Nikaigeuza. Chini ya tumbo kulikuwa na skrubu nne. Yetu ilikuwa na tatu.

Ningekuwa na akili ningekaa kimya, maana katibu alikuja na karatasi za wahesabu wawili wapya, na huko nako mambo yalikuwa yamechanganyika. Karatasi yangu: kumi. Karatasi ya daktari: sita. Mwenye ndege nzima alikuwa hajamaliza, na mwenye ndege iliyovunjika alikuwa ameshinda. Katibu alizisoma, akageuza karatasi, akatazama nyuma yake kama kuna maelezo.

"Karatasi nasema kumi," akaniambia. "Wewe nasema nini?"

Fundi alinikanyaga mguu. Nilielewa alichotaka; haukuwa mguu wa mtu aliyejikwaa. Neno moja tu na utepe ungekuwa wangu. Nikajaribu kuitafuta ile kumi kichwani. Mitano ilikuwa yangu, hiyo niliijua. Wa sita sikujua ni wa nani. Iliyobaki ilikuwa ya daktari, ingawa nilikuwa nimeitolea jasho.

"Mitano," nikasema. "Au sita. Mpatie daktari kumi."

Katibu akashusha pumzi, akafungua utepe wa njano kwenye antena, akautia mfukoni. "Kiti iko pale," akasema, bila ubaya.

Fundi alinitangulia kwenye nyasi ndefu. "Mtu napatana bei ya kiberiti," alianza, akipekua nyasi, "leo mtu napewa kumi bure, nasema hapana, mimi nataka tano!"

"Sikusema tano. Nilisema tano au sita."

"Ndiyo. Nimesikia. Sasa kichwa yangu pia nauma."

Tukaikuta. Pua ilikuwa imejichimbia ardhini, mkia uko mbali peke yake, na bawa moja tu limebaki zima. Fundi alipiga magoti, akang'oa injini kwa vidole vyake vitatu, akaipuliza udongo, akaizungusha propela iliyobaki nusu. Ikazunguka. Daktari alikuwa ametufuata, akauliza kwa sauti ya mtu aliye msibani kama tutajenga nyingine.

Nikafungua mdomo kusema sijui.

"Tunajenga," fundi akamjibu, bado akipuliza. "Bawa moja tayari tuko nalo."