Kinanda cha Riruta Kilichokosa Fa

Enzi zetu sisi tuliokulia Riruta, pembeni mwa Nairobi, hukuhitaji kuuliza ni mtoto wa nani anajifunza kinanda. Ulisikia tu. Kanisa letu lilikuwa la mabati, na kinanda kikianza kulia saa kumi jioni, mama mboga wa ng'ambo ya barabara alijua aliyeketi pale ni nani na amekosea wapi. Ukienda kwake kununua sukuma anakwambia, "Leo ule mstari wa pili umekushinda, eh?" Na yeye hajawahi kusoma noti hata moja.

Kinanda chenyewe kilikuwa cha kukanyaga, kile cha kujazwa upepo kwa miguu. Wadogo hawakufikia chini, kwa hivyo mmoja alipiga na mwenzake akaketi sakafuni akisukuma kanyagio kwa mikono. Panya walikuwa wamekula kitu fulani ndani, na kibao cha fa, ile ya katikati kabisa, kilikuwa kimekufa. Ukikibonyeza kinatoa pumzi tu, kama mzee anayeketi. Fundi hakupatikana. Basi Mwalimu Rispa, aliyetufundisha muziki kila Jumamosi, akatoa amri: ukifika kwenye fa usijisumbue kubonyeza, iimbe kwa mdomo uendelee. Tukaimba. Do, re, mi za kinanda, fa ya mdomo, so ya kinanda. Baada ya mwaka mmoja hakuna aliyeona ajabu.

Mwalimu Rispa alikuwa mtu wa Magharibi mwa Kenya, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Siku za wiki alifundisha piano nyumbani kwake Muthangari, kwenye nyumba ndogo nyuma ya bustani ya watu, ambako watoto wa wenye magari waliletwa wamevaa soksi nyeupe. Jumamosi alikuja kwetu kwa miguu, begi la vitabu begani, na kitu cha kwanza alikagua mikono. "Mueni, hizi kucha ni za kinanda ama za kuchimba viazi?" aliniuliza. Ili mkono usicheze ovyo, alituwekea njugu moja mgongoni mwa kiganja. Ikianguka, unaanza wimbo upya. Ndugu yangu Kyalo, kitinda mimba wetu, alikuwa anaanza upya kila mara.

"Mwalimu, imeanguka."

"Imeanguka wapi, mbona siioni?"

"Kwa mdomo."

Tukitoka hapo ilikuwa ni kati, kukwepa mpira wa soksi kuukuu, au kuruka blada, ule ukanda wa mpira, mpaka magoti yatoe vumbi jekundu. Harufu ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, ikianza kutoka nyumbani, kila mtu alikimbilia kwao. Mama alikuwa fundi wa muthokoi. Aliweka maharagwe machache na kitunguu kingi, akatuambia sahani moja yatosha watatu kama hakuna anayeangalia kijiko cha mwenzake. Nikimwambia jambo fulani limenishinda, alikuwa na jibu moja tu: "Usiseme huwezi kabla mikono haijachafuka."

Baba alitutangulia mbele ya haki nikiwa darasa la nne. Mama alimfuata nikiwa kidato cha pili, na muhula uleule nikaacha shule. Shule sikuililia sana. Nililia sare, kwa sababu ilikuwa bado mpya. Dada yangu mdogo, Mwende, alikuja kuivaa miaka minne baadaye, amepindua mikono mara mbili. Mimi nikaanza kufulia watu nguo, leo Kawangware, kesho Muthangari. Jumamosi bado nilikwenda kwenye kinanda, kwa kuwa Mwalimu hakunifuta kwenye daftari, na kwa kuwa wadogo walikuwa wamezoea niwapange mstari.

Halafu mjomba akaja kutoka Machakos. Hakuwa mtu mbaya, sitaki mtu amfikirie hivyo. Alikaa kwenye kile kitanda kimoja tulicholalia wote watatu, akaangalia chumba, akasema polepole, "Mueni, wewe mwenyewe ni mtoto. Kufua leo hapa na kesho pale, hiyo si kazi. Shule zikifungwa Desemba, Mwende nitaenda naye, na Kyalo ataenda kwa mama yenu mdogo kule Mwingi. Ukipata kazi ya kueleweka kabla ya hapo, tutaongea."

Nilimweleza Mwalimu Jumamosi iliyofuata. Hakusema pole. Alifunga kifuniko cha kinanda. "Wale wanafunzi wangu wadogo wa Muthangari wamenizidi wingi," akasema. "Nahitaji mtu wa kuwafundisha kila siku baada ya shule. Lakini wazazi wao hawawezi kukubali msichana wa kufua nguo kwa neno langu tu. Utapiga kwenye tamasha, wakuone."

Tamasha lilikuwa la kila Novemba, katika ukumbi mmoja wa kanisa katikati ya jiji, wenye piano kubwa nyeusi inayong'aa hata ukajiona. Nilipewa wimbo wa beti nne, wa kufungia shughuli. Nikaufanyia mazoezi Riruta kila jioni mikono ikinuka sabuni, hadi mama mboga akaniomba nibadilishe angalau kidogo, amechoka.

Siku yenyewe nilivaa viatu vya jirani. Watoto wa Muthangari walikaa mbele na wazazi wao. Wetu wa Riruta, tisa pamoja na Mwende na Kyalo, walikaa benchi la nyuma kabisa. Nilianza vizuri. Ile piano ilikuwa laini, unagusa kidogo inaitika kote. Nikafika mwisho wa mstari wa pili, penye fa, na kidole changu chenyewe kikaruka kile kibao. Mkono wa kushoto ukaendelea. Palipokuwa na pengo, kutoka benchi la nyuma, sauti tisa zikaimba, "Faaa." Ya Kyalo ilizidi zote.

Ukumbi mzima ukacheka. Kibao kilikuwa pale, kizima, kizuri, nami nilikuwa nimekipita kama shimo la barabarani. Niliwaza chumba chetu, nikamwona mjomba akifunga begi la Mwende. Nikaanza ubeti wa pili nikijiambia, safari hii bonyeza, bonyeza tu. Hapo ndipo nikasikia msichana mdogo wa safu ya mbele akimuuliza mamake, bila kupunguza sauti, "Mbona hao wanaimba na sisi hatuimbi?"

Sikubonyeza. Nilipofika kwenye fa niliinua mkono juu, nikageuza shingo, nikawaashiria kwa kichwa wale wa mbele kama nilivyozoea kuwafanyia wetu. Yule msichana akaimba, akichelewa kidogo nyuma ya wetu wa Riruta. Ubeti wa tatu waliimba wote wa soksi nyeupe. Wa nne hata baba mmoja mwenye tai alisikika, na fa yake haikuwa fa.

Mwalimu Rispa alinikuta nje nikivua vile viatu. "Umeniharibia wimbo," akasema. Nikavua cha pili. "Wazazi watatu wameniuliza yule msichana anafundisha siku gani. Jumatatu saa nane uwe Muthangari."

Mjomba alikuja shule zilipofungwa. Akanikuta natoka kwenda kazini, Mwende anachota maji, Kyalo anafua soksi zake mwenyewe, vibaya. Akanywa chai vikombe viwili. "Haya," akasema. "Lakini Krismasi mje wote watatu, msinitumie mmoja kama barua."

Tangu hapo sijafanya kazi nyingine. Leo nafundisha kule Waithaka, nyumbani kwangu, na majumbani mwa watu, na nywele zimeanza kuwa nyeupe. Watoto wa siku hizi wana vinanda vya umeme visivyokosa kitu. Wanavaa visikizio masikioni, nyumba kimya kabisa, vidole vinagonga plastiki tap tap tap, mama yuko jikoni hajui ni mazoezi au ni mchezo. Mmoja aliniambia juzi, kwa heshima zote, "Ticha, usijali, simu itaniambia nikikosea." Ni kweli, inamwambia. Inawaka nyekundu, na hakuna anayecheka.

Mwende ni muuguzi Eldoret. Kyalo yuko ng'ambo, anajenga barabara za watu wengine. Wao walisoma, kisha tukaoa, tukaolewa, hakuna aliyetunyang'anya mwenzetu. Tulitawanyika wenyewe, taratibu, kwa furaha, kila mmoja akisindikizwa na wengine wawili. Zamani tulilala watatu kitanda kimoja na nilikesha nikiogopa kwamba kesho nitalala peke yangu. Siku hizi kila mmoja wetu ana chumba cha wageni, kimetandikwa vizuri, na wageni wenyewe ni sisi.