Behewa la Majina Kumi na Moja

Mwanzia alikuwa fundi wa mabehewa katika stesheni ya Thika kwa miaka ishirini na saba, na katika miaka hiyo hakuna aliyewahi kumsahihisha kuhusu namba. Ukimtajia behewa lolote la mizigo alikuambia mlango upi unakwama, ekseli ilibadilishwa lini, na kama sakafu imeliwa na mchwa.

Mwaka wa 1956 aliletewa behewa kuukuu la mbao kutoka Ruiru, moja la yale ya zamani kabisa katika njia ile, alitie viraka. Alipong'oa mbao za ndani alikuta nyuma yake mbao nyingine, na juu yake maandishi yaliyochorwa kwa msumari: mwaka 1917, kisha majina kumi na moja ya Kikuyu, moja chini ya lingine, kwa mwandiko wa mtu aliyesomea misheni.

Alielewa mara moja. Mwaka huohuo baba yake mwenyewe alichukuliwa kutoka Machakos kwenda kubeba mizigo ya jeshi katika vita vya Mjerumani. Hakurudi, wala hakuna aliyejua amezikwa wapi. Mwanzia aliogopa kwamba bosi wake ataamuru ukuta upigwe randa, kwa hiyo alirudisha mbao za juu, akazipigilia misumari, akanyamaza.

Miaka miwili baadaye mabehewa manne ya aina hiyo, hilo likiwemo, yalisukumwa kwenye njia ya pembeni pale Ruiru yakisubiri mnunuzi wa vyuma chakavu. Kila mtu alijua mnunuzi hufanyaje: huchoma mbao zote, akachukua chuma. Hapo Mwanzia akaona hawezi kunyamaza tena. Alimwendea Amrik Singh, seremala aliyestaafu reli na kufungua karakana yake Thika, akampeleka Ruiru, akambandulia mbao za juu aone. Amrik aliyasoma majina yote kumi na moja.

"Hili lisichomwe," alisema.

Ndiye aliyemleta Wamboi, mwalimu wa Ruiru ambaye shule yake alikuwa akiitengenezea madawati. Wamboi alipitisha kidole juu ya majina, na kwenye la tano akasimama. Ndirangu wa Kagwe.

"Huyu ni baba," alisema. "Alipochukuliwa nilikuwa na miezi mitatu."

Wakapatana waombe behewa hilo, waling'oe kwenye magurudumu na kuliweka katika kiwanja cha shule. Jumapili ya kwanza Wamboi alikuja na watu watano wa kanisani kufyeka nyasi. Akaanza kunakili majina katika daftari. Alikuwa amefika la saba askari walipotokea. Hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni ilikuwa bado haijaondolewa, na mkusanyiko wa watu wengi kiasi kile ulihitaji kibali. Walipangwa mstari, pasi zao zikakaguliwa, wakaamriwa warudishe mbao za ndani, waondoke na wasionekane tena hapo bila karatasi.

"Nimebakiza manne tu," Wamboi alimwambia askari.

"Manne ya nini?"

Alimweleza. Askari alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwonyesha njia.

Kibali kilichukua wiki saba. Na kilipotoka, mkuu wa stesheni ya Ruiru alisema yeye hawezi kumfungulia mtu behewa ambalo limeshafungwa na kuhesabiwa kwa kuuzwa. Walete barua kutoka Nairobi.

Waliiandika katika karakana ya Amrik, juu ya meza iliyojaa vumbi la mbao. Amrik ndiye aliyejua Kiingereza cha ofisini.

"Namba?" aliuliza.

"Moja nane sita tatu," Mwanzia alijibu bila kufikiri.

"Si twende tukaitazame tena?" Wamboi alisema. "Rangi ya ubavuni imebanduka sana."

"Mwalimu, mabehewa haya nimeyashika tangu wewe hujashika chaki."

Amrik akaiandika namba hiyo, na barua ikapelekwa.

Jibu la kwanza liliwaambia waandikie idara nyingine. Idara ile ikataka sahihi ya mwalimu mkuu. Ilipopata ya mwalimu mkuu, ikataka ya bwana DO, ofisa wa wilaya. Mwanzia alitumia kila siku yake ya mapumziko kukaa kwenye mabenchi ya ofisi, kofia magotini, akiambiwa karani amekwenda chai. Kazini bosi wake alimuuliza kama behewa analitaka la kulala. Mkewe alimuuliza karibu hivyohivyo. Amrik alianza kutoa visingizio, na kuna juma alilosema waziwazi kwamba amechoka. Mwanzia hakumlaumu. Yeye mwenyewe alikuwa akiamka na hasira, akienda kazini na hasira, na hakuwa na mtu wa kumkabidhi hasira hiyo.

Mwezi wa sita tangu waandike, barua ikafika. Behewa namba 1863 wamepewa. Yaliyobaki ni ya mnunuzi.

Jumamosi walikwenda Ruiru na jeki mbili na lori la kuazima kutoka shamba la mkonge. Walipokaribia waliona moshi. Mabehewa matatu yalikuwa yamebaki magurudumu na fremu nyeusi. La nne lilikuwa zima, limetiwa alama ya chaki. Mwanzia aliruka ndani na mtaimbo, akabandua ubao, akabandua wa pili na wa tatu. Nyuma yake mbao zilikuwa safi, hazina hata mkwaruzo.

Alitoka akamwendea Tobias, msimamizi wa wachomaji. "Nani alikwambia uchome la watu?"

Tobias alimwonyesha karatasi yake kwa utulivu. "Nimeambiwa niache 1863, nimeiacha. Ile pale."

"Basi ni karani wa Nairobi. Hawa watu hawawezi kunakili namba nne."

Amrik alikuwa ameshatoa nakala ya barua mfukoni. Aliikunjua mbele ya Mwanzia. Moja nane sita tatu.

Mwanzia aliingia kwenye majivu yenye moto bado, akainama kwenye fremu, akafuta masizi kwa mkono wa koti lake mpaka kibao cha chuma kikasomeka: 1868. Ubavuni, kabla ya moto, upande wa kushoto wa ile nane ya mwisho ulikuwa umebanduka rangi, na yeye alikuwa ameisoma tatu kwa miaka miwili.

Alikwenda peke yake kwa Wamboi, kwa miguu. Alimkuta uani akichambua maharagwe.

"Limechomwa," alisema. "Kosa ni langu. Ulinionya."

Wamboi aliendelea kuchambua. "Jina la baba ninalo," alisema. "Nisiyo nayo ni yale manne. Unayakumbuka?"

"Moja lilikuwa Macharia. Au Muchiri. Nadhani Macharia."

"Usinipe jina usilo na hakika nalo."

Behewa la 1863 lilipelekwa shuleni, kwa kuwa barua ilikuwepo na lori lilikuwepo. Walimu wakaweka majembe ndani. Siku ya kulipokea Mwanzia hakwenda, ila mvua za Aprili zilipolivujia alikuja akaziba paa, akaondoka.

Akaanza kuuliza. Siku za mapumziko alitembea vijiji vya pande za Ruiru akitafuta wazee: nani alichukuliwa mwaka ule, nani alipandishwa gari moshi pamoja na Ndirangu? Watu walikuwa wamehamishwa kutoka mashamba yao, na wengi walimdhania mpelelezi, Mkamba mwenye daftari. Walimfungia milango. Mwishoni mwa mwaka wa 1959 bibi mmoja, Ngendo, alimkaribisha akae, akamwambia mumewe Muchiri aliondoka asubuhi moja na Ndirangu wa Kagwe, nao wote wawili hawakurudi.

Muchiri, basi. Mwanzia aliliandika, akamsomea Ngendo herufi kwa herufi, mara mbili. Matatu yaliyobaki hakuyapata.