Springi ya Kochi la Baba

Fundi makochi hufanya kazi chali, kajipenyeza chini ya kochi, misumari midogo kaibana midomoni. Wateja wamemzoea: ukimuuliza kochi litakuwa tayari lini, anakujibu kwa vidole. Wambea husema ndiyo maana ndoa yake imedumu.

Siku hiyo dada yake mkubwa aliletesha kochi la nyumbani kwao, lile lile la utotoni.

"Baba anakuulizia tena," akasema huku akivuta kigoda. "Usipokwenda sasa, mdogo wangu, utakwenda kumzika."

Fundi akatia misumari mdomoni. Jibu lilikuwa hilo.

Alikuwa na miaka sita aliporukaruka juu ya kochi hilo mpaka springi ikafyatuka. Baba aliguna, "Mtoto huyu atanimaliza." Asubuhi akafungasha nguo zake, akahamia kwa mwanamke mwingine. Wakubwa walijua sababu yao. Mtoto naye akaijua yake, springi, wala hakumwambia mtu. Akakua, akajifunza kutengeneza makochi ya watu, akaolewa, akazaa, na jambo lile likabaki moyoni vile vile: baba alimkimbia yeye, basi kumfuata ni kumsumbua. Mtu mzima na akili zake timamu!

Akajisukuma chini ya kochi. Jua la mchana lilipenya kwenye gunia lililochakaa, mwanga ukawa wa rangi ya chai, na vumbi likaelea taratibu kana kwamba halina pa kwenda. Palinukia mafuta ya nywele ya mama yake. Kwa kitambo hakujua ana umri gani. Miguu ya dada iliyoonekana pale nje ingeweza kuwa ya yeyote, hata ya baba akitafuta viatu.

Binti yake wa miaka sita akajipenyeza, akalala kando yake. Wakazitazama springi pamoja, kama watu wanaotazama mawingu.

"Mama, eti bibi kalazwa kwa sababu nilimwambia simpendi?"

Fundi akatema misumari kiganjani. Bibi huyo, mama mkwe wake, alikuwa amelazwa juzi kwa presha.

"Nani kakwambia?"

"Najua tu. Nilimnunia, kesho yake akaumwa."

Kicheko kikamtoka fundi. "Sikiliza, mama. Presha ya bibi ilianza hata hujazaliwa. Maneno ya mtoto hayamlazi mtu hospitali. We una miaka sita tu!"

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Kicheko kikakatika. Sita tu. Akageuza shingo, akamtazama mtoto yule vizuri: magoti yenye makovu, pengo la jino la mbele, vidole vinavyochezea uzi wa gunia. Kumbe naye alikuwa mdogo kiasi hicho. Hata angetaka, asingeweza kumfukuza mwanamume mzima nyumbani kwake. Akamwonea huruma mtoto aliyekuwa yeye, huruma ya kweli, na machozi yakamtiririkia masikioni, maana ndiko yaendako ukilala chali.

"Dada!" akaita kutoka kule chini. "Mwambie baba nakuja Jumapili."

Miguu ikasimama ghafla. "Alhamdulillahi!"

"Na mwambie ajiandae. Nina hasira naye."

"Hasira? Tangu lini?"

"Leo ndiyo imeanza."