Shemeji, Usiliuze

Winifrida alilisikia gari kabla hajaliona. Alikuwa ameinama nyuma ya kaunta ya duka lake la spea pale Gerezani, Kariakoo, akimtafutia mteja beringi, pale injini ya dizeli ilipoanza kuunguruma ikielekea kwenye uwanja wa gereji nyuma ya duka. Akaiacha beringi ndani ya boksi. Injini ile aliijua kama alivyojua kikohozi cha mwanawe. Kisha gari likasimama, na lilipokuwa likisimama likatoa mlio mwingine ambao hakuujua hata kidogo: ngo! Kama mtu amepiga nyundo chini ya sakafu.

Alichungulia dirishani. Lilikuwa ndilo. Land Cruiser mkonga, yenye bomba la hewa lililopanda ubavuni kama mkonga wa tembo, ile ya rangi ya maziwa, na aliyeshuka akiwa ameshika kiuno alikuwa Steven, mdogo wa marehemu mumewe.

Hapo inabidi nieleze kidogo. Winifrida na mumewe Onesphory walishuka kutoka Rombo wakiwa vijana, wakaanza kuuza beringi kuukuu juu ya gunia, jua la Gerezani likiwachoma utosini. Gunia likawa meza, meza ikawa kibanda, kibanda kikawa duka. Gari walilinunua pamoja, likiwa limechoka, wakalifufua kipande kwa kipande kwa spea za dukani kwao. Onesphory alilipenda kupita kiasi. Kila Jumapili baada ya misa alivaa ovaroli kuukuu akaingia chini ya gari, na Winifrida akakaa pembeni kumpokeza spana na kumsimulia habari za mtaa.

Figo zikamuua Onesphory. Walipomzika Rombo, kabla hata maua hayajanyauka juu ya kaburi, ukoo ukaitisha kikao. Steven akasimama, nguo za msiba bado mwilini, akasema gari la kaka yake haliwezi kubaki kwa mwanamke, kesho ataolewa na mwanamume mwingine aje kulikalia. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Steven akanyoosha mkono mbele ya watu wote, na Winifrida akatoa funguo kwenye pindo la khanga akampa. Alirudi Dar es Salaam kwa basi, amembeba mtoto wao Jovitha mapajani, na njiani, karibu na Korogwe, mkonga ukawapita kwa kasi ukipiga honi.

Honi ile hakuisahau. Miaka ikapita, Jovitha akakua akaenda chuo, duka likashamiri, na bado usiku mwingine Winifrida aliisikia akiwa amelala.

Sasa gari lilikuwa uwanjani kwake. Uwanja ule aliupanga yeye, na ndani yake alimweka fundi Isidori, mtu mpole wa makamo, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Steven hakuyajua hayo; duka lilihamia hapo baada ya msiba. Alielekezwa tu na watu kwamba Gerezani kuna fundi anayezijua mkonga.

Winifrida alijibanza nyuma ya rafu ya filta akasikiliza.

"Fundi, nimechoka," Steven alikuwa akisema. "Nimebadilishiwa shokapu, kelele iko pale pale. Nimebadilishiwa mauntini za injini, iko pale pale. Wa mwisho kaniambia gia boksi ndiyo inakufa. Niambie ukweli, hili gari bado gari au ni kaburi?"

"Liache, kaka. Nitalisikiliza. Uje alasiri."

Steven alipoondoka, Isidori akaingia dukani akifuta mikono. Ilikuwa desturi yake, akikutana na gari gumu, kumwita Mama Jovitha walisikilize wote. Akamkuta amekaa juu ya boksi, uso umebadilika.

"Mama Jovitha, unaumwa?"

"Lile gari ni langu," akasema. "Twende."

Alipanda kiti cha abiria. Harufu ilikuwa nyingine, ya marashi ya bei rahisi na soksi. Wakatoka kuelekea Msimbazi, na kwa kazi ile hakuna barabara nzuri kuliko Msimbazi mchana: hatua tatu unasimama kupisha mkokoteni, hatua mbili unasimama kupisha mama na furushi lake la mitumba ya soko la Mchikichini. Kila waliposimama, ngo! Kila walipoondoka, ngo!

"Pita kwenye shimo lile," Winifrida akasema.

Isidori akapita. Gari likayumba, kimya.

"Siyo shokapu. Kata kona, stelingi yote."

Akakata kona. Kimya. Basi tatizo halikuwa mbele, kwenye stelingi. Walipofika kwenye mteremko mdogo akamwambia atoe gia aliache lijiendee lenyewe. Likateremka taratibu kama mtu anayenyata, bila kelele. Isidori alipoingiza gia na kukanyaga mafuta, ngo! Wakatazamana. Wote wawili walishajua kuwa kelele inafuata nguvu ya injini, wakageuza kurudi uwanjani.

Isidori akaingia chini ya gari. Winifrida akapiga magoti kwenye mchanga wenye oili, sketi na yote, akainamisha kichwa naye aone. Fundi akaishika propela, lile chuma refu linalopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, akaizungusha huku na huku. Misalaba yake, vile viungo vya kwenye ncha, ilikuwa mizima kabisa. Ila pale katikati, mahali chuma kimoja kinapoteleza ndani ya kingine gari likiondoka au likisimama, palikuwa pakavu, pekundu kwa kutu.

"Grisi," Isidori akasema. "Hapa hapajaona grisi tangu enzi. Ndiyo maana inang'ang'ania halafu inaruka. Nipe bomba la grisi, dakika mbili tu gari limepona."

Winifrida alicheka. Kisha kicheko kikakatika. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya Onesphory kila Jumapili. Steven alichukua gari mbele ya ukoo mzima, akalipanda miaka yote hiyo, na hata siku moja hakuwahi kuinama chini yake. Hasira ikampanda, na akaiacha ipande.

"Usiweke grisi," akasema.

"Unasemaje?"

"Mwache aendelee kuamini ni gia boksi. Akikuuliza, usimkatalie."

Isidori akatoka chini ya gari akakaa. "Mama, mimi watu wananiletea magari kwa sababu siwadanganyi. Sina kingine."

"Una uwanja," Winifrida akajibu. "Na uwanja naulipia mimi."

Hakuwahi kumwambia neno kama lile tangu wafahamiane. Isidori akachukua tambara lake, akaenda kunawa.

Kabla ya alasiri Winifrida alivuka barabara mpaka kwa Humoud, kijana wa Kiarabu aliyerithi kwa babake biashara ya kununua magari mabovu na kuyauza vipande vipande. Humoud alimsikiliza mpaka mwisho, akazungusha shanga za tasbihi kidoleni, akatabasamu.

"Ila mama, nitakuwa nimekununulia gari lako mwenyewe."

"Ndiyo hilo nalitaka."

Steven alirudi jua likiwa limeshalainika. Akamkuta Isidori amesimama kando ya gari, macho chini.

"Enhe, fundi. Ni gia boksi?"

Isidori akakunja tambara, akalikunjua. "Inaweza kuwa gia boksi," akasema. "Inaweza kuwa hata difu, kule nyuma. Magari ya umri huu mpaka uyafungue."

Hapo ndipo Winifrida akatokea. Steven alishtuka, kisha akajichekea kwa pembe ya mdomo.

"Ah, shemeji! Kumbe bado upo huku huku kwenye vyuma?"

"Nipo, shemeji. Habari za nyumbani?" Akalisogelea gari, akaweka kiganja juu ya boneti, na machozi yakamtoka. Yalikuwa ya kweli, hakuhitaji kuyaita. "Nimesikia linaumwa. Nakuomba kitu kimoja tu. Usiliuze. Hata likikusumbua vipi, litengeneze. Ni kumbukumbu ya kaka yako. Nisije kulikuta siku moja limekatwakatwa mtaani. Shemeji, usiliuze."

Alilisema kwa sauti, na wapiga debe wa spea, wauza maji na mafundi wa pembeni wote wakageuka. Alimjua Steven. Tangu siku aliyoolewa kwenye ukoo ule, hakuwahi kuomba kitu kwake akakipata, na kila alichokiomba kilitendwa kinyume chake, kwa raha.

"Kumbukumbu!" Steven akasema. "Gari ni chuma, shemeji. Na chuma hiki ni changu. Nikitaka kukiuza, nitakuomba ruhusa wewe?"

Humoud, aliyekuwa akipita na glasi ya chai kana kwamba hana habari na mtu, akasimama. "Mzee, hilo unaliuza? Mimi nachukua kwa spea. Bodi na matairi tu, gia boksi ikiwa imekufa hainisaidii."

Bei aliyoitaja ilikuwa ya kutia aibu. Steven akakunja uso, akamwangalia Isidori, Isidori akaangalia viatu vyake. Akamwangalia Winifrida, akamwona anatikisa kichwa kwa uchungu, midomo ikisema usiliuze, usiliuze. Hilo likammaliza.

"Lete hela," Steven akasema.

Kesho yake walimaliza habari za kadi ya gari, na wiki iliyofuata Humoud akaigeuza iwe kwa jina la Winifrida, akichukua faida ndogo tu, ya heshima. Isidori akaingia chini na bomba la grisi. Akalipampu mara kadhaa, uchafu mwekundu ukatoka, kisha mweusi, kisha grisi safi ikachungulia. Alipotoka alilirudisha bomba mahali pake bila kumtazama. Winifrida akakaa nyuma ya usukani, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akazunguka uwanja akiondoka na kusimama. Hakuna kilichogonga.

Angeweza kuishia hapo. Mwanawe Jovitha, alipoambiwa kwenye simu, alimwomba aishie hapo. "Umeshalipata, mama. Yatosha."

Haikutosha. Jumamosi mchana, saa ambayo Kariakoo hakuna pa kuweka mguu, Winifrida alivaa gauni lake la kanisani, akaliendesha gari mpaka Msimbazi, mbele ya duka la jumla la vyombo la Steven. Akapiga honi. Honi ile ile. Steven akatoka na chupa ya soda mkononi, na wateja wake wakatoka nyuma yake.

Winifrida akateremsha kioo. "Shemeji, njoo karibu usikilize."

Akaondoka hatua tatu akasimama. Akarudi nyuma akasimama. Akaondoka tena. Mikokoteni ikajipanga nyuma yake, watu wakapiga kelele apishe, naye hakupisha. Mkonga uliteleza kama umetoka dukani.

"Umeisikia gia boksi?" akauliza. "Ilikuwa grisi, Steven. Grisi ya bomba moja, ile aliyokuwa anaweka kaka yako kila Jumapili wewe ukiwa umelala."

Rangi ilimtoka Steven. "Umeniibia! Mmenidanganya, wewe na fundi wako!"

"Mimi?" Winifrida akageukia watu. "Gerezani nzima ilinisikia. Nilikuambia mara ngapi usiliuze?"

Kicheko kilianzia kwa wasukuma mikokoteni, kikapita kwa akina mama wa vyombo, kikaishia kwa vijana wa Steven mwenyewe waliojifanya wanakohoa. Steven akawapa mgongo. Akaingia ndani, na Winifrida alikaa pale mpaka alipoona pazia la ofisi likifungwa ndipo akaondoa gari.

Ukoo ulipiga simu kutoka Rombo. Wazee wakataka kikao. Akawaambia waje na risiti za karo walizomlipia Jovitha, akakata simu, na hawakupiga tena.

Kilichomuuma kilikuwa kingine. Jumatatu alikuta uwanja mtupu. Isidori alikuwa amebeba spana zake, jeki yake na kile kiti chake cha mbao. Winifrida alimfuata mpaka alikohamia, kwenye kichochoro cha Ilala, akamkuta ameshafungua injini ya Toyota Noah.

"Rudi, fundi. Lile neno la uwanja nilikosea."

Isidori hakukasirika. "Gari ni haki yako, Mama Jovitha, na yule mtu alistahili. Ila aliponiuliza, aliniuliza mimi. Nikamjibu." Akarudisha macho kwenye injini. "Ukiwa na beringi nzuri za Noah, nitumie. Nitanunua."

Alimtumia, na mpaka leo anamtumia, lakini Isidori uwanjani hajarudi. Aliyemfuata ni fundi mwenye kelele nyingi asiyejua kusikiliza gari, na magari magumu sasa Winifrida anayasikiliza peke yake.

Kwa Isidori anajuta, na hukwambia waziwazi ukimuuliza. Kwa Steven hajuti hata chembe. Jioni akifunga duka angeweza kushika njia ya mkato kwenda nyumbani. Hashiki. Anakunja Msimbazi, kwenye msongamano wote ule, na akifika mbele ya duka la vyombo anasimama, anaondoka, anasimama, kioo kikiwa chini.