Siku Nilipobandua Lami ya Baba

Sogea karibu, msikilizaji wangu, na ukitaka kucheka cheka tu, maana Chumbageni nzima imeshacheka, na siku hizi mtu akishika bisibisi vibaya hutajiwa jina langu. Nitakueleza polepole, ili lisikukute na wewe.

Baba yangu ana gari la michezo la zamani, la milango miwili, pua ndefu, rangi ya chungwa lililoiva, alilolinunua ujanani akalitunza kuliko alivyotutunza sisi (hayo ni maneno ya mama, si yangu). Aliniazima nikashindane nalo mbio za mstari mnyoofu, magari mawili mawili, kwenye kiwanja cha zamani cha ndege ndogo katika shamba la mkonge, njia ya Pangani, kwa sharti moja: lirudi zima kabla ya Ijumaa, kwa sababu dada yangu Zuhura alikuwa anaolewa, na tangu utotoni aliahidiwa kwamba gari hilo ndilo litakalompeleka kwa mumewe.

Sasa elewa jambo hili, halina ugumu. Katika mbio hizo gari huanza likiwa limesimama, kwa hiyo chochote kilichomo ndani ni mzigo ambao injini lazima iusukume kwanza. Weka waendesha baiskeli wawili pale Muheza, mmoja kapakia gunia la machungwa na mwenzake hana kitu, utaona nani anatangulia. Kuongeza nguvu ya injini ni ghali, kupunguza uzito ni bure. Basi mimi na rafiki yangu Sudi, muuza vipuri, tukatoa kiti cha nyuma, tairi la akiba, jeki, bampa zote mbili na mazulia, kila kitu tukakiweka vizuri bandani ili nikirudishe baadaye. Ningeishia hapo, leo ningekuwa mtu wa heshima.

Lakini chini ya mazulia kulikuwa na lami. Kila masika yakiisha baba huipaka sakafu ya gari lami kwa kuogopa chumvi ya bahari, na tabaka juu ya tabaka ilikuwa imefikia unene wa godoro la mtoto.

"Hii peke yake ni uzito wa mtu mzima," Sudi akasema. "Unambeba abiria asiyelipa nauli, bwana."

Nikachukua patasi. Lami ikabanduka mapande mapande, na chini yake nikaona chuma chekundu chenye vitundu, nikajiambia ni kutu ya kawaida, nani anakaa pwani asiwe na kutu, nikapaka rangi nyeusi juu yake, ikapendeza.

Siku ya mashindano baba akaja kutazama, na kumbe kaja na baba mkwe mtarajiwa wa Zuhura, wote wawili wamevaa kanzu, wakasimama karibu kabisa na mstari wa kuanzia. Nikawapa shikamoo zao kupitia dirishani. Bendera ikashuka, nikakanyaga mafuta, nikaachia klachi, pua ya gari ikainuka, na mimi nikashuka. Yaani gari lilikwenda mbele na kiti changu kikaenda chini, bolti zimeng'oka na sakafu yake, nikajikuta natazama dari huku kiti kikikwaruza kiwanja. Injini ikazimika.

Usukani ulikuwa umenibana mapaja, kutoka siwezi, na wengine wanasubiri zamu yao. Ikabidi Sudi asukume kwa nyuma na mimi nitembee, miguu yangu ikitokea chini ya gari, mbele ya watu wote.

"Muulizeni linavaa viatu saizi gani," mmoja akasema.

"Mpisheni," akajibu mwenzake, "linawahi swala."

Baba mkwe alicheka hadi akashika bega la baba. Baba hakucheka. Aliinama, akachungulia ndani.

"Lami yangu umeipeleka wapi?"

"Nimeibandua, baba. Ilikuwa nzito."

"Ilikuwa nzito kwa sababu ndiyo iliyokuwa sakafu. Chuma kiliisha zamani. Nilikwambia ukakimbie nalo, mwanangu, sikukwambia ukalichinje. Mimi nilikuwa nalishikilia mwaka hadi mwaka, nangojea siku moja tu."

Sikuuliza ni siku gani.

Fundi wa kuchomea alijaribu, lakini kila alipogusisha chuma kipya, kile cha zamani kilitoboka kando yake. Ijumaa Zuhura akapelekwa kwa mumewe kwa gari la kukodi, jeupe, kama la watu wengine wote. Kabla ya kupanda alinigeukia akasema, "Si neno, kaka," na heri angenitukana. Gari lipo juu ya matofali hadi leo. Masika yameisha tena, na baba hakuulizia brashi yake ya lami.

Wewe usikate tamaa na gari lako la zamani, uzito unapunguzika na raha yake utaiona. Ila kabla hujabandua chochote, liegemeze imara, ingia chini yake mchana kweupe, ugonge sakafu kwa mpini wa bisibisi, shibiri kwa shibiri. Ikilia kama debe, endelea. Ikinyamaza, rudisha zulia kama ulivyolikuta, kisha nenda kamuulize aliyekuwa akilitunza kabla yako.