Musumari, Hapana

Nani alisema pirogi zetu za Shasha, hii mitumbwi ya kuvua samaki, ni za kizamani? Aje hapa.

Zinafungwa tatu pamoja, na miti mirefu inatoka mbele kama pembe za ngombe. Hakuna pirogi nzuri kushinda hizo.

Jana kaka yangu, fundi wa mbao kule Goma, akacheka: "Munafunga na kamba tu?" Akapiga muti moja misumari.

Leo asubuhi tukaingia wote mu ziwa na hizo pirogi. Upepo ukakuja. Muti wa misumari ukapasuka. Ile miti ya kamba ikajipinda, ikajinyoosha, ikaturudisha ku inchi kavu.

Mu ile upepo, kaka njo alishika kamba kwa nguvu kushinda batu bote.

Saa hii anaomba atupakie pirogi rangi.

Rangi, sawa.
Musumari, hapana.