Amana ya Martin

Famau wa Lamu si mtu wa makuu. Kazi yake ni ghala la mizigo pale Dubai Airport Freezone, malazi yake chumba kimoja Rashidiya na Wahid wa Mombasa, na likizo ikifika hana safari nyingine ila kwa mkewe Swafiya. Kwa hivyo mwaka huu aliposema anakwenda Ireland kumhani mama mmoja aliyefiwa na mwanawe, Wahid alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kuhani kwa ndege, ndugu yangu? Si umpigie simu huyo mama, umpe pole, khalas?"

"Pole nishampa kwa simu," Famau akajibu. "Nilichobaki nacho si cha simu."

Alichobaki nacho ni maneno machache ya lugha asiyoijua. Martin, msimamizi wao, alitoka pwani ya magharibi ya Ireland, kule ambako watu bado wanazungumza Kiairishi chao. Kila asubuhi alisimama kwenye mlango wa ghala akiongea na mamake kwa lugha hiyo, na Famau, kikombe cha chai mkononi, akimsikiliza kwa raha tu. Walipendana kwa sababu hiyohiyo: kila mmoja alikuwa na mama mkaidi aliyekataa kuhama ufukweni kwake.

Siku moja Martin akaanguka katikati ya makasha. Famau alikipakata kichwa chake wakiingoja ambulensi. Martin akafumbua macho, akasema kitu kwa Kiairishi, akakirudia, kisha akanyamaza moja kwa moja. Famau aliyashika maneno yale kama mtoto wa chuoni anavyoishika aya, sauti kwanza, maana baadaye. Tangu hapo alikuwa akiyarudia kila siku kitandani na kwenye metro, akiogopa yasije yakamchakaa mdomoni. Na simu hakuiamini. Ingekwaruza kidogo tu, mama angepokea makombo ya maneno ya mwisho ya mwanawe.

Swafiya akaambiwa kwa simu kwamba nauli yote ya likizo itakwenda huko. Alikuwa amemkosa mumewe mwaka mzima.

"Amana hiyo," akasema. "Nenda kaitue. Mimi nitakungoja."

Basi la kwanza lilimshusha kwenye njia panda, baina ya kuta za mawe na kondoo waliolowa mvua. Hapo alitakiwa angoje la pili, nalo lilipita mara moja tu kwa siku. Famau akasimama kando ya kibao, wima, mikono ameikunja, kama mtu anayengoja basi Rashidiya. Basi likatokea. Likapita, hilo, likaenda zake.

Maskini hakujua kwamba kule dereva hasimami mpaka umpungie mkono. Dubai basi husimama lenyewe. Ndege ya kurudi ilikuwa kesho, na likizo nyingine mwaka ujao, na mama mwenyewe mtu mzima sana. Famau akatimua mbio, koti linapepea, akipiga kelele, "Arbab! Arbab, simama!" utadhani dereva ni tajiri wake wa ghalani.

Lilisimama kwenye kona. Bibi mmoja mwenye kitambaa kichwani alikuwa amemwona na kumkemea dereva. Famau akapanda akihema, akaviruka viti vya mbele, maana Dubai hivyo ni vya wanawake, akaelekea nyuma. Bibi akapiga kiti cha ubavuni mwake.

"Kaa hapa wewe. Unakwenda kwa nani?" akamwuliza kwa Kiingereza.

Hakuuliza wapi, aliuliza kwa nani, na Famau akajihisi yuko Lamu. Akamwambia. Bibi akawageukia wenzake, akawapasha kwa Kiairishi, na dereva akazima redio. Mazungumzo yakaendelea kwa sauti ya chini, yakipanda na kushuka vilevile kama simu za asubuhi kwenye mlango wa ghala. Famau akageukia dirishani, machozi yakamtoka. Ulimi ulimwasha amwulize bibi maana ya maneno yale. Akajizuia. Hayakuwa ya bibi huyu, wala hayakuwa yake yeye.

Dereva hakumshusha kituoni. Alimfikisha mpaka langoni. "Nikirudi nitapiga honi," akamwambia.

Mama yake Martin alimfungulia mlango mwenyewe, mkono mmoja kwenye fimbo, akaufunga nyuma yao kwa ajili ya baridi. Famau akavua viatu. Mama akazitazama soksi zake, akatabasamu kidogo, akateleka maji ya chai. Akaimimina chai, kisha akaliuliza lile alilokuwa nalo moyoni.

"Mwanangu alikuwa peke yake?"

"Hapana, mama. Kichwa chake kilikuwa hapa," akasema Famau, akiweka mkono pajani pake. "Na alisema neno. Mimi silijui maana. Nimekuletea."

Akafumba macho akayasema, polepole, sauti baada ya sauti. Akayarudia, kama Martin alivyoyarudia.

Mama akakiweka kikombe chini. Chai ikapoa mbele yao.

"Ndivyo alivyokuwa akiniita akirudi kutoka shule," mama akasema mwishowe. "Mikono imejaa vitabu, hawezi kukamata kitasa. Akipiga teke mlango akiniita: Mama, ni mimi, nifungulie."

Akaishika fimbo, akainuka. Famau akataka kumsaidia, lakini mama akamzuia kwa mkono. Akaenda mwenyewe mpaka mlangoni, akaufungua wote, akasimama pembeni kama mtu anayempisha mwingine aingie.

Honi ya basi ikalia langoni. Famau akavaa viatu vyake, akamshika mama mkono, akatoka. Alipogeuka kutoka dirishani mwa basi alimwona bado amesimama palepale, na mlango haujafungwa.